Anna May Wong kwenye sarafu: alistahili au hapana?

#1 Mleta mada

Wakuu, mwaka 2022 Marekani ilitoa sarafu ya senti 25 yenye sura ya Anna May Wong, mwigizaji aliyeanza enzi za sinema bubu. Wapo wanaosema hakustahili, kwa sababu kila alipotokea alikuwa mtumwa, kahaba au jasusi wa Kichina, na filamu haiishi hajafa. Mimi nasema alistahili, na wanaomlaumu wanabisha hodi mlango siyo.

Alizaliwa Los Angeles mwaka 1905, baba yake dobi. Mwaka 1922, akiwa na miaka 17, alibeba filamu nzima, The Toll of the Sea, moja ya filamu za mwanzo za rangi. Wenzake wa zama zile walirusha mikono kama wanafukuza nzi. Yeye anatulia tuli, uso ndio unasema. Ungetarajia milango ifunguke. Ulifunguka wa uani: mwaka 1924 ni mjakazi wa Kimongolia kwenye filamu ya Douglas Fairbanks, nyota mkubwa wa Hollywood.

Sababu? Sheria ya California ilikataza Mzungu kuoana na Mchina hadi mwaka 1948, na studio zikaogopa hata busu la kuigiza. Shujaa akiwa Mzungu, mpenzi wake hawezi kuwa Anna. Shujaa akiwa Mchina, anatafutwa Mzungu anapakwa vipodozi. Sasa ilibaki nafasi gani?

#2

Mkuu, simulizi tamu, ila hakuna aliyemshikia bunduki. Mwaka 1931 kakubali kuwa binti wa Fu Manchu, lile jitu ovu la kubuni lililowatia Wazungu hofu ya Wachina. Wapi alisema hapana? Alipokwenda China mwaka 1936 magazeti ya huko yalimsema vibaya. Waliodhalilishwa wamelalamika, sisi ni nani tumsamehe kwa niaba yao?

#3

Kaka, hiyo ya 1931 ungeimalizia. Fu Manchu mwenyewe aliigizwa na Warner Oland, mzaliwa wa Sweden. Anaonekana mwanzoni, anakufa, analipwa dola 12,000. Anna, anayebaki hadi mwisho, 6,000.

Tena hao watu wa Hollywood alishawahi kuwakimbia. Mwaka 1928 alihamia Ujerumani, kisha Uingereza, na huko ndiko alikotengeneza filamu ya Piccadilly (1929), kwangu mimi kazi yake bora kuliko zote za kimya. Hata huko busu lake na Mzungu lilikatwa, na mhusika wake bado aliuawa! Kituko zaidi: alipopanda jukwaa la tamthilia London, wahakiki walichukizwa na sauti yake. Walitarajia kusikia China, wakasikia California. Ikabidi alipie masomo ya matamshi. Akiwa kimya ni Mchina wao. Akifungua mdomo, kumbe ni Mmarekani.

#4

Mimi ugomvi wangu ni na serikali. Mzaliwa wa Los Angeles, lakini kila akitaka kusafiri nje anajaza fomu ili aruhusiwe kurudi kwao, kisa sheria ya mwaka 1882 dhidi ya Wachina. Leo wanamchonga kwenye senti 25. Senti 25!

#5 Mleta mada

Namba 2, la magazeti ya China ni kweli, na hapo una hoja. Ila umeuliza wapi alisema hapana. Kabla ya safari ile, MGM, studio kubwa ya Hollywood, walikuwa wanatafuta waigizaji wa filamu ya The Good Earth, habari za wakulima wa China. Mume akapewa Paul Muni, mke akapewa Luise Rainer, Wazungu wote wawili. Anna wakataka ajaribu nafasi ya Lotus, yule mwanamke anayevuruga nyumba ya watu. Akakataa. Rainer akaondoka na Oscar. Na mwaka 1942, China ikiwa vitani, malipo yake ya filamu mbili aliyatoa kuwasaidia Wachina.

#6 Namba 2

La Lotus sikulijua, nalipokea. Lakini sarafu haitolewi kumpoza aliyeonewa, inatolewa kwa kazi. Weka huruma pembeni, nitajie filamu moja.

#7 Mleta mada

Ileile ya 1922, The Toll of the Sea. Haifiki hata saa nzima. Itazame usiku huu, kesho tuendelee.