Mrejesho: Nilikubali kurusha ndege ndogo ya Caravan

Wakuu, mwaka jana niliwauliza: nina leseni ya urubani wa biashara na saa 210 tu za kuruka, nikubali kurusha Cessna Caravan kati ya Arusha na Seronera, ndani ya hifadhi ya Serengeti, kwa mshahara mdogo, au nisubiri ndege kubwa? Wengi mlisema kubali, nikakubali. Sasa nina saa 640. Leseni ya juu, ya kuwa rubani mkuu wa ndege kubwa za abiria, inataka saa 1,500. Mshahara umewahi kuchelewa miezi miwili, na deni la chuo bado linanikaba. Lakini juzi asubuhi nilizunguka juu ya Seronera mara mbili, pundamilia wamejaa uwanjani, hadi gari likawaswaga. Tulipotua, mama mmoja, mara yake ya kwanza kupanda ndege, alinishika mkono, kiganja kimelowa jasho: "Asante mwanangu." Siachi. Asanteni sana.