Naomba ushauri: binti anajua kusoma ila vitabu hana habari navyo

Habari zenu wapendwa. Nakaa Nkuhungu, hapa Dodoma. Binti yangu yuko darasa la tatu, KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) zimekaa sawa kabisa, lakini ukimpa kitabu anauliza kwanza, "Mama, ni homuweki?" Ukisema hapana, anakirudisha mezani.

Cha ajabu, bibi yake akija kutoka Kongwa na hadithi zake za sungura na fisi, nusu Kigogo nusu Kiswahili, mtoto habanduki hapo mkekani mpaka usingizi umzidi. Kwa hiyo hadithi anazipenda. Baba yake anasema nimwache, atapenda akikua. Mimi sikubaliani (yeye mwenyewe anachosoma ni mikeka ya kubeti mechi tu).

Nawaza niziandike hadithi za bibi kwenye daftari kwa herufi kubwa, yeye achore picha, halafu amsomee mdogo wake wa chekechea. Kuna aliyejaribu hivyo? Na pale maktaba ya mkoa, watoto wanaazima vitabu au wanasomea palepale? Vitabu vya Kiswahili vya umri wake, visivyo vya kiada, mnapata wapi hapa mjini bila kuagiza Dar?