Naomba ushauri: tulale Laisamis au tujikaze hadi Marsabit?

Salaam aleikum jamaa zangu. Wiki ijayo natoka Mombasa na mamangu, twaenda harusi Moyale. Usiku wa kwanza twalala Nairobi kwa ndugu. Wa pili ndio tatizo: magoti ya mama hayataki kukaa garini kutwa, kwa hivyo nafikiria Laisamis. Nilipita huko zamani kidogo. Mabati yamepauka, komeo la gesti lafungwa kwa kamba, mbuzi wamejilalia barazani kama wamelipia. Nimepiga nambari niliyokuwa nayo, haipatikani.

Je, siku hizi kuna pa kulala penye maji na choo cha kukalia? Au nisukume kama kilomita 100 zaidi hadi Marsabit, ingawa baridi ya kule mlimani mama haiwezi?