Ulinganisho: mnyororo, kamba au mkanda? Bembea ya kulalia uifunge na nini

KibarazaPangani:
Habari zenu wakuu. Jumapili nimeanguka. Bembea yangu ya wavu imefungwa nguzo ya baraza upande mmoja, mnazi upande wa pili. Kila upande una ndoano ya chuma yenye umbo la S. Ile ya mnazini kumbe ilikuwa inafunguka kidogo kidogo, mdomo ukapanuka mpaka pete ikachomoka. Mgongo uko salama, chai ndiyo haikupona. Nina kilo 80.

Nataka kubadilisha vifungio vyote. Nina njia nne: mnyororo uliopakwa zinki na shakeli (kile kipingili cha U kinachofungwa kwa pini), kamba ya katani na mafundo tu, mkanda wa polista kama wa kufungia mizigo ya lori, na pete, au ile kamba nyembamba ya Dyneema wanayotumia watu wa boti za tanga. Mwenye duka anasema mnyororo ndio mwisho wa maneno. Nyie je?

fundi_chuma:
Pole sana mkuu. Kabla ya chuma tuulizane: ulikuwa umeivuta ikanyooka kama kamba ya kuanikia nguo?

KibarazaPangani:
Ndiyo, sipendi kuzama katikati.

fundi_chuma:
Basi umejiangusha mwenyewe. Kamba ikiteremka kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka usawa, kila upande unabeba kilo 80 zako. Kwa nyuzi 10 kila upande unavutwa kwa kilo 230. Kwa nyuzi 5 ni kama 460, na hapo hujajigeuza. Ndoano iliyo wazi haina pa kushikilia, lazima inyooke. Huna haja ya kipimo: tengeneza bastola kwa dole gumba na kidole cha shahada, kamba ipite kwenye ncha zote mbili. Hapo uko karibu na 30.

Mnyororo una nguvu, sikatai, na kurekebisha ni kuhamisha pingili tu. Lakini kwa chumvi ya huko zinki huisha kwanza pale pingili zinaposuguana, ndani, usipopaona. Na kelele zake usiku utazijua.

dada_cherehani:
Msimamo wangu: mkanda, kaka. Ila uwe polista, usiwe nailoni. Nailoni inakunywa maji na inarefuka. Unalala juu, alfajiri uko sakafuni. Pete mbili zishoneeni mwisho wa mkanda, upitishe kama mkanda wa helmeti ya bodaboda: ndani ya zote mbili, kisha urudi katikati. Unarekebisha kwa sekunde, fundo la kufungua kwa meno hakuna.

Wengine wanachukua mikanda ya usalama ya gari kwenye skrepa. Ni polista nzuri, pana, ila hakikisha gari halikugonga. Mkanda ukishamshika mtu kwenye ajali umeshavutika. Na jua linaula. Ukiona umepauka na unakwaruza kama kitambaa chenye wanga, tupa.

BahariaMstaafu:
Nimeshika Dyneema miaka mingi. Ya milimita 3 ikiwa mpya inakatika baada ya kilo 700 na zaidi, inarefuka kidogo sana, na inaelea majini. Wenye bembea huitengenezea kitanzi ambacho mkia wake unarudi ndani ya kamba yenyewe. Ukilala, kamba inaubana, ukiinuka unasogeza. Hakuna chuma hata kimoja.

Sasa ubaya wake. Ni telezi, mafundo ya kawaida yanajifungua. Inayeyuka kwenye nyuzi joto 145 hivi, kwa hiyo isisuguane na kamba nyingine. Na ukiizungusha mnazini itakata kama waya wa jibini.

dada_cherehani:
Hapo kwenye mnazi tusipite haraka. Mnazi si mwembe. Kidonda cha shina la mnazi hakifungi tena, kinabaki hivyo maisha yake yote. Kwa hiyo hata ukipenda Dyneema, penye mti uweke mkanda mpana. Halafu angalia juu, jamani. Nazi haina kifungio.

BahariaMstaafu:
Kweli kabisa. Katani mimi ningeiacha: inaoza kwa unyevu kuanzia moyoni, nje inaonekana nzima. Na ukinunua karabina, ile pete ya chuma yenye mlango wa springi, soma ubavuni. Ya wapanda milima imechongwa kN (kilonyutoni, kipimo cha nguvu) 20 au zaidi, yaani zaidi ya tani mbili. Ile ya rangirangi ya kuning'inizia funguo iachie funguo.

KibarazaPangani:
Nimeleta mrejesho. Mkanda wa polista pande zote, pete mbili zilizochomelewa, si zile zilizokunjwa. Nimelegeza mpaka bastola ikakubali. Mwanzo mkanda uliteleza kama kiganja kimoja, nikapiga fundo nyuma ya pete, ukatulia. Kumbe ukilala mshazari huzami hata kidogo!

fundi_chuma:
Safi. Swali nililosahau: nguzo ya baraza ni zege lenye nondo?

KibarazaPangani:
Bloku, imepigwa plasta.

fundi_chuma:
Basi usilale leo. Hata kwa nyuzi 30 nguzo inavutwa kwa pembeni kama kilo 69, na bloku hazipendi pembeni. Chimbia bomba la chuma kwa zege, futi tatu chini, hatua moja mbele ya nguzo. Mkanda wako utafika.