Soriasisi kali: adalimumabu au sekukinumabu? Naombeni ushauri kabla ya Jumatatu

Zabibu_Nzuguni
Habari za jioni wakuu. Nina soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi wa magamba, mwaka wa tisa huu. Daktari kasema nimefika pa kuhamia sindano za kibaiolojia, zile za kutuliza kinga ya mwili, nichague kati ya adalimumabu na sekukinumabu, nirudi Jumatatu na jibu. Mliozitumia niambieni ipi ina nafuu, maana nikisoma madhara naogopa, nikijiangalia nako naogopa, asubuhi nikikung'uta shuka magamba yanamwagika sakafuni kama pumba za mtama.

Nesi_Kondoa
Pole sana ndugu yangu, ila umeuliza nusu. Vidonge vya methotreksati umeshatumia? Viungo vinauma? Umepimwa TB, homa ya ini B na HIV? Una ujauzito? Analipa bima au mfuko wako?

Mkulima_Bahi
Mi nasema methotreksati. Mwaka wa nne huu nameza kila Jumapili usiku, na vidonge vya foliki siku nyingine, damu na ini napima kila baada ya miezi mitatu, viwiko vimebaki alama tu. Ila ni MARA MOJA KWA WIKI, ukimeza kila siku inaua.

Zabibu_Nzuguni
Nilitumia miezi 8, vipimo vya ini vikapanda wakanisimamisha. Ujauzito sina. Vidole vinavimba asubuhi, hata kifuniko cha chupa ya maji nafunguliwa na mtoto. TB sijapimwa, sikohoi.

Manyoni_Junction
Hapo kwenye "sikohoi" nisikilize. Kaka yangu alianzishwa adalimumabu, hospitali siitaji, walimpima presha na uzito basi. Dawa ilifanya kazi, nisiseme uongo, mwezi wa tatu mgongo ulikuwa laini, akanunua mashati ya mikono mifupi, shemeji akalia kwa furaha. Mwezi wa tano jasho la usiku likaanza, anaamka fulana unaikamua, suruali zinamvuka, kikohozi hana hata kidogo, sisi tukasema malaria, akamaliza dozi mbili za mseto bure. Baadae tezi za shingo zikavimba kama ndimu, wakakata kinyama wakapeleka maabara, TB ya tezi. Kumbe utotoni alikuwa analala chumba kimoja na babu aliyekuwa na TB, vijidudu vikalala miaka yote hiyo, na hiyo sindano inazima TNF, protini ya kinga ya mwili ambayo ndo inavifungia, vikaamka. Sindano ikasimamishwa, akameza dawa za TB miezi sita, soriasisi ikarudi yote mpaka kichwani. Yupo hai tunamshukuru Mungu, lakini kipimo kimoja tu kingemwepushia yote hayo.

Nesi_Kondoa
Kweli kabisa. TB iliyolala haimkohozi mtu, inatafutwa kwa kipimo cha damu au cha ngozi pamoja na picha ya kifua. Ikionekana unaanza dawa za kinga, kwa kawaida angalau mwezi mmoja kabla ya sindano. Sekukinumabu yenyewe haigusi TNF, inazima IL-17, protini nyingine ya kinga, hatari ya TB huko imeonekana ndogo ila kipimo kiko palepale, na fangasi wa mdomoni hupenda kuja, na mwenye ugonjwa wa utumbo wa Crohn haimfai. Zote zinasaidia viungo, kwahiyo hivyo vidole daktari avione.

Fundi_Baridi
Mmesahau friji. Hizi sindano ni nyuzi 2 hadi 8, ikiganda unatupa. Adalimumabu ni kila wiki mbili, sekukinumabu kila wiki kwa wiki tano za mwanzo halafu mara moja kwa mwezi. Mtu anaitoa Dar na SGR kaibana na barafu ubavuni, inafika Dodoma imeshaganda. Funga na taulo kwanza.

Mkulima_Bahi
Ndo maana nikasema methotreksati, haitaki friji. Mradi uache wine ya zabibu.

Fundi_Baridi
Hata glasi moja?

Mkulima_Bahi
Mi nilikatazwa kabisa, harusini nakunywa soda. Ini lake limeshalalamika tayari.

Nesi_Kondoa
Jamani kasema methotreksati ilisimamishwa, turudini kwake. Bima vipi?

Zabibu_Nzuguni
Bima wanasubiri barua ya daktari. Nimesoma ya Manyoni mara mbili. Mama alitibiwa TB mwaka 2009 tukiwa nyumba moja Kikuyu, nilikuwa namlisha mimi. Sikuwahi kumwambia daktari wa ngozi, hakuuliza.

Nesi_Kondoa
Jumatatu anza na hilo, kabla hamjataja jina la sindano yoyote.

Fundi_Baridi
Na friji yako ni mlango mmoja au miwili? Kama ni mmoja usiiweke jirani na barafu, weka katikati.