Mjadala: Je, jongoo mmoja anatosha kutangaza spishi mpya?

Wadau, tulijadili hili kwa hoja. Oktoba 2006 watafiti walimpata jongoo mmoja dume ndani ya pango la Lange, Hifadhi ya Taifa ya Sequoia, California. Mwembamba kama uzi, urefu milimita 20 hivi, hana macho, ana miguu 414. Wenzake wakatafutwa katika maeneo mengine 63, hakuonekana hata mmoja. Mwaka 2016 akatangazwa kuwa spishi mpya, Illacme tobini, kwa kielelezo hicho kimoja tu.

Wanaopinga wanasema mmoja hawezi kutuonyesha spishi nzima ikoje. Hoja ina uzito, hasa kwa jongoo wa jamii hii: kila wanapojivua gamba huongeza pingili, na miguu huongezeka nazo. Kwa hiyo 414 ni hesabu ya huyo mmoja, wala si kipimo cha spishi. Habari nyingi zilivutiwa na namba hiyo, zikaacha lililo muhimu.

Maana wataalamu hawatofautishi majongoo kwa kuhesabu miguu. Wanachunguza ile miguu ya dume iliyogeuka kuwa viungo vya kujamiiana. Huyu anayo minne. Ukimpata dume mmoja aliyekomaa, sehemu kubwa ya ushahidi unayo. Angekuwa jike peke yake, ningesita. Hata kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinakubali kielelezo kimoja, mradi kihifadhiwe mahali ambapo wengine wataweza kukikagua.

Kinachoniuma mimi ni ile miaka kumi. Pango la Lange limo ndani ya hifadhi, lina ulinzi. Lakini fikirieni Goldfields, Australia Magharibi. Huko ndiko alikopatikana Eumillipes persephone, mwenye miguu hadi 1,306, aliyetangazwa mwaka 2021. Alitolewa kwenye mashimo yaliyochorongwa kutafuta madini, hadi mita 60 chini ya ardhi. Mahali kama pale, kila mwaka wa kusubiri una gharama. Kiumbe asiye na jina kwa kawaida haingii kwenye orodha ya walio hatarini, na ni vigumu kwa anayepitia ombi la kuchimba kumtaja.

Msimamo wangu: dume mmoja aliyekomaa, akiwa na maelezo na picha za kutosha, atangazwe mapema. Wengine wakipatikana baadaye, maelezo yarekebishwe.

Mnaopinga, nijibuni: tusubiri vielelezo vingapi, na nani atalinda makazi yasiyo na ulinzi wakati tunasubiri?