Miezi minane nimejitolea kituo cha mikoko, kumbe tunapanda miche ya kufa

Wakuu salaam.

Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia. Jina la kituo silitaji, wala kijiji. Ni pwani, kusini mwa Dar, na wenyewe wakisoma watajijua.

Nilianza kwenda mwaka jana mkataba wangu wa kazi ulipoisha. Kila Jumamosi, nauli yangu, chakula changu, gambuti zangu. Sikulalamika, maana niliambiwa kituo ni cha wanakijiji wenyewe. Tope la mikokoni mnalijua? Linakufika magotini, ukivuta mguu buti linabaki chini, na humo ndani kuna maganda ya chaza yanakata kama wembe. Kovu ninalo unyayoni hadi leo.

Kazi ilikuwa moja tu, kupanda. Unachukua mbegu ya mkoko, zile ndefu kama rula, unachomeka, unarudi nyuma hatua moja, unachomeka nyingine. Tulipanda ukingoni kabisa mwa bahari, pale tope linapobaki wazi maji yakitoka. Pana nafasi, na picha inatoka vizuri.

Mwezi wa kwanza zikasimama, nikafurahi kama mtoto. Yakaja maji ya bamvua, mawimbi yakang'oa karibu nusu. Zilizobaki zikagandwa na vile vigamba vigumu kama vya chini ya ngalawa, zikalemewa, zikalala. Tukapanda tena. Palepale. Zikafa tena. Mara ya tatu ndipo nikauliza.

Aliyenijibu si kiongozi, ni mzee mmoja anayetega kaa pale tangu ujana wake. Nilimwamkia, akacheka kwanza. "Mjukuu wangu, hapo mbele si pa mkoko, ni pa mlilana. Mkoko unakaa nyuma yake, mkandaa nyuma zaidi, mchu huko juu, zote ni aina za miti ya mikokoni. Nyie mnamhamishia mtu kwenye nyumba ya mwenzake."

Akanichukua hadi nyuma ya kijiji, kwenye mashamba ya chumvi yaliyoachwa. Kuna tuta refu limeziba maji, ndani yake ardhi imekauka, imebaki na unga mweupe na visiki. "Toboeni hili tuta mara mbili tatu, maji yaingie na kutoka. Mbegu bahari italeta yenyewe. Kwani ile mikoko ya Rufiji alipanda nani?"

Nikapeleka hoja kikaoni, kwa adabu zote. Katibu akanijibu mbele za watu: "Mradi unahesabu miche, hauhesabu matuta." Ndiyo maneno yenyewe. Fungu linatoka kwa idadi ya miche iliyopandwa, iliyopona hakuna anayeiuliza. Ikifa, eneo linakuwa tupu na andiko la kuomba fedha za mwakani linaandikika. Sisi wa Jumamosi ndio tunaojaza hizo namba, bure.

Kina mama wa kitaluni ndio wanaoniuma zaidi. Wanajaza tope kwenye viriba tangu asubuhi, wengine na watoto mgongoni, waliahidiwa kulipwa kwa kila kiriba. Wakidai, fedha haijaingia. Lakini semina zikitokea, wanaokwenda ni mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na hao watatu ni ukoo mmoja. Eti kituo cha jamii. Jamii ipi?

Halafu njoo 2 Februari, Siku ya Ardhi Oevu. Siku hiyo hela ipo! Fulana, turubai, spika, pilau. Mgeni rasmi akasoma hotuba: Mkataba wa Ramsar wa 1971 wa kulinda ardhi oevu, Tanzania ndani tangu 2000, Rufiji-Mafia-Kilwa kwenye orodha yake 2004. Tukapiga makofi. Kisha akapanda mche mmoja, kasimama juu ya ubao aliotandikiwa asichafue viatu. Wiki tatu baadaye nikapita. Kibao chenye jina lake kipo, mche haupo.

Sasa kuna watakaokuja hapa na "kujitolea ni moyo mkuu". Moyo ninao, ungekuwa haupo nisingemaliza hata mwezi. Na wale wa "utawafukuza wafadhili", niambieni wakiondoka kesho kijiji kitapoteza nini zaidi ya fulana.

Kilichonileta hasa ni hiki. Mwenye uelewa anisaidie: mikoko ni msitu wa hifadhi, huwezi kuamka na jembe ukaanza kuchimba. Kutoboa tuta la chumvi lililoachwa kibali unaomba wapi? TFS (wakala wa misitu wa serikali), halmashauri, au yule aliyekuwa na shamba? Yule mzee yuko tayari, vijana wake wapo, na sululu tunazo. Watu wa misitu mliomo humu msipite kimya tafadhali, hata PM mimi napokea.

Jana usiku wamenitoa kwenye grupu la WhatsApp, bila neno. Nilikuwa nimeshaliona tangazo: Jumamosi hii tunapanda, maji yanatoka saa nne asubuhi, eneo ni lilelile la mbele, kila mtu ajitegemee nauli na aje na maji yake ya kunywa.